Gundi ya Sigara Moja

Ukikalia kochi lililotengenezwa vizuri husikii kitu. Chini yako kuna mbao, kuna mikanda iliyovutwa mpaka ikalia, kuna springi, gunia, sponji, halafu kitambaa, na wewe unasema tu, "Aa, hapa pazuri," unaomba chai. Fundi hakumbukwi. Akikumbukwa, ujue kuna kitu kinakuchoma.

Mimi kazi yangu ilikuwa mbao. Nilipiga fremu za makochi miaka mingi, na karibu zote zilikwenda mlango wa pili, kwa jirani yangu ambaye ndiye mwenye habari hii. Kati ya karakana yake na yangu palikuwa na ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimeachana, kwa hiyo aliyekohoa kwake nilimpa pole kwangu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Misumari.

Jina lilitokana na kazi. Ile misumari midogo ya vichwa bapa alikuwa anaitia mdomoni gao zima, anaigeuza kwa ulimi, anautoa mmoja mmoja kichwa kikitangulia, nyundo yake yenye sumaku inaudaka, tap, umeingia. Mkono wa kushoto umevuta kitambaa, wa kulia una nyundo. Hiyo misumari ataishika kwa nini, kwa masikio? Aliweza kuzungumza nawe ana misumari thelathini mdomoni, na kukutania vizuri tu. Mteja mmoja alimwuliza, "Mzee, hujawahi kumeza?"

"Nimemeza mingi," akamjibu. "Ndiyo maana nikikaa siinuki upesi. Nimepigiliwa."

Ndivyo alivyokuwa. Alilelewa na shangazi yake, akapelekwa kujifunza ufundi akiwa na miaka kumi na mitano, hakutoka tena humo. Alioa mara moja, akazaa mara moja. Mkewe alitangulia miaka sita iliyopita, na tangu hapo aliishi na mwanawe, dereva wa malori ya masafa ambaye kumwona nyumbani ni kama kuona mwezi mchana, na mkamwana wake, yaani mke wa huyo dereva. Huyu mkamwana alikuwa na kiduka cha fotokopi milango minne kutoka kwetu. Mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu, anayepanga karatasi hata zisizo zake. Alimwita baba, na alimpenda kama baba.

Basi kidonda kilipomtokea Misumari ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, hakushtuka. Alidhani ni msumari. Nani katika kazi yetu angedhani vingine? Miezi mitano alisukutua maji ya chumvi na kuwalaumu watengeneza misumari. "Siku hizi hata misumari haina adabu, inang'ata." Dawa aliyojipa ilikuwa kuhamishia misumari shavu la kulia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini yeye hakuficha. Alituonyesha sote. Alitoa ulimi nje mbele ya wateja, nasi tukachungulia, tukasema, "Pole, msumari huo."

Sasa nieleze kuhusu gundi, maana bila gundi hutaelewa kilichotokea.

Sponji hubandikwa kwa gundi ya kopo. Unapaka pande zote mbili, halafu unangoja. Ukibandika mapema, sponji inateleza na baada ya mwezi kochi lina nundu. Ukichelewa, gundi imekufa, haishiki kitu. Kuna kipande kidogo cha wakati katikati, na fundi mzima ni yule anayekijua. Misumari alifundishwa hivi na bwana wake: paka gundi, toka nje, kwa kuwa gundi ile na moto ni maadui, washa sigara, vuta mpaka iishe, rudi ubandike. Sigara moja. Siku ya jua kali, sigara moja kasoro. Siku ya mvua, moja na nusu. Ukimwuliza kochi la watu watatu litachukua muda gani alikujibu, "Kama sigara kumi na nne." Alifanya hivyo miaka arobaini na mmoja. Kwake kuvuta hakukuwa starehe wala hasira. Ilikuwa saa yake.

Mkamwana ndiye aliyempeleka hospitali. Alirudi naye saa saba mchana, akamkalisha kwenye stuli mlangoni kwangu, akaenda kufungua duka lake. Misumari akanitazama.

"Si msumari," akasema.

Alinisimulia kama alivyoelezwa. Ilikuwa saratani. Daktari angekata sehemu ya ulimi, kisha achukue kipande cha nyama na ngozi kutoka mkononi, hapa juu ya kiganja, pamoja na mishipa yake ya damu, akishone mdomoni pale palipokatwa. Mishipa ya mkono angeiunganisha na mishipa ya shingo, kitu chembamba kama njiti ya kiberiti. Damu ikipita, nyama inaishi, na ulimi unapata mwenzake wa kuegemea. Damu isipopita, nyama inakufa. Inaozea humohumo mdomoni.

"Akasema moshi unabana mishipa," Misumari akaniambia, na mkono wake ulikuwa umeushika mkono mwingine pale pa kukatwa. "Akasema wiki nne bila sigara. Hata moja, mzee, hata moja. Nyama ikifa hajui kama nitaongea tena. Wala kumeza." Akajigusa shavu. "Jirani, mimi nina mdomo. Nikiondolewa mdomo nabaki na nini?"

Nilitaka kufanya mzaha, ndiyo desturi yetu, nikaukosa.

Pale hospitali nesi aliwatilia programu kwenye simu. Ya Misumari ilikuwa ya vitufe, kwa hiyo iliwekwa kwenye simu ya mkamwana. Kila siku saa kumi alasiri inalia ting, inauliza: Je, leo umevuta? Ukibonyeza duara la kijani, hujavuta; jekundu, umevuta. Halafu inauliza hamu yako ni kiasi gani, toka sufuri mpaka kumi. Majibu yanakwenda moja kwa moja kwa nesi, anayaona kwenye kompyuta yake. Na hamu ikikushika katikati ya siku unafungua duara jingine, linavimba na kusinyaa taratibu, nawe unavuta pumzi nalo mpaka hamu ipite.

Siku ya kwanza walikuja kujifunzia kwangu. Misumari akabonyeza, simu ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa gundi na msasa, kioo hakikumsikia hata kidogo.

"Hii simu inanidharau," akasema.

"Jaribu kidole kidogo, baba."

"Kidole kidogo nacho ni fundi."

Mwishowe akainama akabonyeza kwa ncha ya pua. Simu ikaitika papo hapo, ikapiga makofi na kuandika Hongera. Tulicheka mpaka mkamwana akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Lakini mtu mzima hawezi kuishi kwa kunusa simu, kwa hiyo wakakubaliana: saa kumi ikifika mkamwana atatoka dukani, aje aulize kwa mdomo, yeye ajibu, mkamwana abonyeze.

"Mkamwana kuniuliza hamu zangu," Misumari akanung'unika alipoondoka. "Dunia imeisha." Kisha akatoa pakiti yake mfukoni, akanipa. "Katupe."

Sikuitupa. Niliiweka rafu ya juu nyuma ya kopo la vanishi, nikijiambia nitaitupa nikitoka. Mzee huwa na mambo mengi ya kufanya akitoka.

Siku saba alikwenda vizuri. Alitetemeka, aligombana na mlango, alitafuna njiti, lakini saa kumi alijibu akiwa amesimama wima. "Sijavuta." "Hamu, baba?" "Nane. Andika nane na nusu." "Nusu haipo." "Basi nane, lakini ijue imepunjwa."

Siku ya nane ilikuwa ya gundi. Alikuwa na makochi matatu ya ofisi ya wakili, alitaka kuyamaliza kabla ya kulazwa asiache kazi nusu. Akapaka, akatoka nje, akasimama mikono mitupu. Akarudi mapema, sponji ikateleza. Akabandua, akakwangua, akapaka tena. Safari hii akachelewa, gundi ikafa. Nilimsikia kupitia ukutani akijisemea kama mtu aliyepotea kwenye njia ya kwao. Nikamwambia atazame saa ya simu. Akasema saa ya simu haijui leo kuna unyevu.

Kisha akaja mlangoni kwangu. "Ile pakiti uliitupa?"

Macho yangu yakaenda rafuni kabla mdomo haujapata la kusema.

"Nipe moja. Ya kupimia tu. Sitaitia mdomoni, wewe utaniona."

Nikampa. Nitasema nini? Nilimwona kweli. Aliiwasha kwa njiti, akaichomeka kwenye ufa wa kizingiti, akakaa mbali nayo mikono kapakata, anaitazama ikiungua peke yake. Lakini sigara isiyovutwa huungua polepole mno. Ilipofika mwisho, gundi ilikuwa imekufa zamani. Akapaka mara ya nne. Akachukua sigara ya pili bila kuniuliza, akaenda nje, na hiyo akaivuta, kwa kipimo chake kilekile cha siku zote, taratibu, akitazama mbali. Akarudi akabandika. Sponji ikashika kama imezaliwa pale.

Saa kumi, ting. Mkamwana akaja mbio, viatu vinapiga sakafu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao na randa mkononi.

"Baba, leo umevuta?"

Nikatamani kukohoa.

"Sijavuta."

"Hamu?"

"Mbili."

"Mbili! Kutoka nane mpaka mbili? Baba, wewe ni shujaa!" Simu ikapiga makofi. Mkamwana naye akapiga. Nikasikia kitu kikianguka kwa Misumari, nadhani ni nyundo.

Toka hapo hofu ikahamia kwetu. Alivuta siku ya nane, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na tano, ya kumi na tisa na ya ishirini na mbili. Siku za gundi. Kila mara alisema, "Hii si ya kuvuta, ni ya kazi," na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Ilipokaribia saa kumi alianza kuangalia upande wa duka la fotokopi kama mtu anayesubiri askari. Kile kilio cha ting kilimfanya ashike ulimi kwa meno. Alikuwa anakunja mkono wa shati, anaipapasa mishipa juu ya kiganja, anaibonyeza, anaangalia inavyorudi. "Hii imebana au haijabana? Njoo uangalie, wewe una macho ya mbao." Mimi najuaje mishipa? Niliona mkono wa mtu anayeogopa.

"Yule nesi anaona?" akaniuliza siku moja.

"Anaona anachoandikiwa."

"Basi anamwona mtu mwingine. Kuna mtu huko kwenye kompyuta ana siku ishirini na mbili hajavuta, mzima wa afya. Watanipasua mimi wakidhani ni yeye."

"Mwambie basi."

Akanigeukia, na sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, umelegea wote kama kitambaa kilichotolewa misumari. "Nikimwambia atasogeza tarehe. Na hiki," akagusa shavu, "hakingoji tarehe. Kimeongezeka, nakisikia nikimeza. Nisiposema nyama itakufa. Nikisema nitakufa mimi nikingoja. Niambie wewe, fundi mwenzangu, nibandike lini?"

Nilichofanya ni kuichukua ile pakiti na kuitia kwenye maji ya gundi ya mbao, hapo mbele yake. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili. Hakuniambia asante wala hakunitukana. Hakuvuta tena, lakini hata kuacha kwenyewe sasa kulikuwa kwa woga mtupu.

Siku ya ishirini na saba tulimsindikiza kulazwa, mkamwana na mimi. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda kumi na viwili, harufu ya dawa na ya kitu kingine chini ya dawa. Nesi, mama mmoja mnene mchangamfu, akaleta kidude cha kupuliza. Akaeleza kwamba kinapima moshi ulio kwenye pumzi. Nikamwona Misumari akikishika kama mtu aliyepewa nyoka. Akapuliza. Nesi akasoma.

"Tatu! Mapafu ya mtoto mchanga. Siku ishirini na saba, mzee wangu, wewe nitakutolea mfano."

"Kwani hicho kinarudi nyuma siku ngapi?" Misumari akauliza.

"Siku moja hivi. Zaidi ya hapo tunaamini simu." Akampiga bega, akaenda zake.

Mkamwana aling'aa uso mzima. Misumari alikaa kitandani polepole. Alikuwa ameomba siku zote asikamatwe, na sasa hakukamatwa, na ndipo nilipoona anaogopa kuliko mwanzo. Hakuna mtu wala mashine ambayo ingemwokoa na uongo wake. Kesho asubuhi ingefika.

Kitanda cha pili alikuwapo mtu wa makamo, bandeji toka shavuni mpaka kifuani, bomba shingoni. Haongei, alikuwa na kijidaftari na kalamu. Ile harufu ya chini ya dawa ilitoka kwake. Misumari akamsalimu, mwenzake akainua mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umefungwa pale pale juu ya kiganja.

"Nawe walikupandikiza?" Misumari akauliza.

Akaandika: Imekufa. Walitoa juzi.

Misumari akameza mate, nikaona inavyomwuma. "Ulivuta?"

Yule mtu akatazama mlangoni kwanza. Kisha akaandika: Kidogo. Sikusema. Akaongeza chini yake: Daktari hajui kama ni hiyo. Mimi pia sijui. Akalifunga daftari, akageukia ukuta.

Misumari akasimama. "Mwanangu," akamwambia mkamwana, "njoo nje."

Kwenye ukumbi, karibu na dirisha, akasema, "Fungua hiyo simu. Rudi nyuma."

"Nyuma wapi, baba? Ya leo tumeshaijibu."

"Siku ya nane. Weka nyekundu."

Mkamwana akacheka. Akanitazama ili nicheke naye, na aliponiona, kicheko kikakatika.

"Siku ya nane," Misumari akarudia. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tano. Kumi na tisa. Ishirini na mbili." Alizijua kwa moyo kama mtoto anavyojua majina ya wajomba zake.

"Baba, ulinitazama machoni."

"Nilikutazama paji la uso."

Hakuna aliyecheka. Mkamwana aliishika simu kifuani kwa mikono miwili. "Sibonyezi," akasema. "Kesho wanakata. Kesho! Pumzi yako ni safi, amesema nesi. Nikibonyeza watakurudisha nyumbani na hicho kitu mdomoni. Mume wangu yuko barabarani, nitamwambia nini? Nani atajua, baba? Nani?"

"Nyama itajua," akasema Misumari.

Akanyoosha mkono, na kwa heshima aliyokuwa nayo yule binti hakuweza kumnyima; akamwachia simu. Misumari akabonyeza kwa kidole gumba. Simu ikakaa kimya. Akabonyeza kwa kile cha shahada, akakipangusa kwenye suruali, akabonyeza tena. Kimya. Watu walikuwa wanapita na machela. Akainama, mzee mzima, pale ukumbini, akaanza kuitafuta siku ya nane kwa ncha ya pua, na machozi yakaanguka juu ya kioo, kikawa hakielewi tena ni pua au ni maji.

Mkamwana akamnyang'anya simu. Akaipangusa kwa kanga. Akabonyeza moja, akabonyeza ya pili. Zote sita. Ile hesabu iliyokuwa ishirini na saba ikashuka mpaka tano. Simu haikupiga makofi. Iliandika tu: Asante kwa kusema kweli. Anza tena.

Daktari alikuja baada ya saa moja. Alikuwa kijana kwa umri wetu, mtu asiyepandisha sauti, na hiyo ilitisha zaidi. Alivuta kiti.

"Umenipa hofu mbili badala ya moja, mzee," akasema. "Ila kama ningeingia bila kujua, ningekuwa kipofu. Fungua mdomo." Akaweka kirula kidogo ubavuni mwa ulimi, akasoma, akaandika. "Wiki nne siwezi kukupa tena. Nakupa siku kumi na nne. Kila siku ya tatu unakuja napima. Kikizidi milimita tatu nakata siku hiyohiyo, hata kama umevuta asubuhi."

Ndugu zangu, nimeona siku nyingi, lakini zile kumi na nne sitaki kuziona tena. Makochi ya wakili aliyamalizia fundi wa mtaa wa nyuma. Misumari hakukanyaga karakana. Alikaa dukani kwa mkamwana, kwenye kibao kando ya mashine ya fotokopi, mahali anapoonekana, asubuhi mpaka jioni, anahesabu karatasi zinavyotoka. Hamu ikimshika, mkamwana anamwekea lile duara linalovimba na kusinyaa, na wateja wanangoja na vitambulisho vyao mkononi mpaka mzee amalize kupumua. Wengine walipumua naye.

"Baba, leo umevuta?"

"Sijavuta. Mwulize jirani."

"Nakuuliza wewe. Hamu?"

"Kumi. Kumi na moja ipo?"

"Haipo."

"Waambie waiweke."

Siku ya tatu kilikuwa kimeongezeka nusu milimita. Ya sita, moja. Ya tisa, milimita moja na nusu, na tangu hapo alikula uji peke yake, kwa kijiko cha mtoto, akigeuza uso ukutani. Usemi wake ulianza kuwa mzito. Mkamwana aliponda dawa za maumivu kwa chupa ya wino. Dereva alipiga simu akiwa mpakani, akalia, akaambiwa aendeshe polepole. Ya kumi na mbili, milimita mbili na nusu. Daktari alikitazama kirula mara mbili, akasema, "Siku mbili," akatoka upesi, na hatukujua kama ilikuwa matumaini au alikuwa anatuficha uso.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Sina la kusema kuhusu saa hizo; tulikaa kwenye benchi lililopigiliwa vibaya, na hata hilo sikulisema.

Tuliruhusiwa kumwona kesho yake mchana, dakika kumi. Alikuwa macho. Bomba shingoni, shingo imevimba, mkono wa kushoto umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona aliinua nyusi, basi. Nesi mwingine, mkimya, alikuwa ameshika sindano ndogo.

"Ndani ya siku tano hizi, kila saa namchoma kidogo kwenye ile nyama," akatueleza. "Haimwumi, haina hisia. Ikitoa damu nyekundu, inaishi. Ikitoa nyeusi, tunakimbia tena kule ndani. Isipotoa kabisa..." Hakumalizia.

Akamwambia afungue mdomo kadiri anavyoweza. Niliona kipande cha ngozi ya mkono, cha rangi iliyopauka, kimelala mahali pa ulimi kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nesi akachoma. Akaitoa sindano.

Hapakutoka kitu.

Misumari alikuwa ananitazama mimi, kwa kuwa yeye hawezi kuona mdomo wake. Nilijitahidi uso wangu usiseme lolote. Mkamwana alinishika mkono, na kucha zake zikaingia. Nesi hakusogea. Alingoja, akabonyeza pembeni kwa kijiti cha pamba, akangoja tena.

Kisha ikatokea nukta ndogo, ndogo kabisa. Ikakua. Ilikuwa nyekundu.

"Nyekundu," akasema nesi, akaandika kwenye kadi.

Mkamwana alikaa chini sakafuni. Misumari alifumba macho, akayafumbua, akaunyoosha mkono mzima, akainua kidole kimoja, kumwuliza nesi kama hii moja imepita.

"Ndiyo," nesi akasema, akiitupa sindano kwenye kopo. "Moja nyingine imepita. Narudi saa tisa."

Sote watatu tukageuka kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika nne.